Mwaka Ambao Kibibi Hakuwa Nyumbani

Mama Kibibi alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha la sebule, ili apate mwanga. Kila asubuhi, kabla ya kukata kitambaa, alifuta vumbi la kijivu mezani. Alifuta leo, kesho lilikuwa limerudi. Mwishowe alilizoea.

Vumbi hilo lilitoka kwenye mtambo wa umeme, ng'ambo ya barabara. Mtambo ule ulichoma vipande vya mbao, unga wa mbao na pumba za mpunga. Moto ulichemsha maji, mvuke ukazungusha mashine, umeme ukapatikana. Watu wa mtaa waliupenda. Tangu ujengwe, taa hazikuzimika ovyo, na Mama Kibibi aliacha cherehani ya kukanyaga akanunua ya umeme.

Mumewe, Baba Kibibi, alifanya kazi humo. Kazi yake ilikuwa kuchota mbao kwa koleo na kuzimwaga kwenye mkanda uliozipeleka tanurini. Alirudi nyumbani saa kumi alasiri. Binti yao alimsubiri mlangoni. Alikuwa na miaka saba, mtoto wao wa pekee. Walimwita Kibibi kwa sababu alizungumza kama mtu mzima.

"Baba, umechelewa. Ulikuwa wapi?" aliuliza, mikono kiunoni.

"Nisamehe, mama. Foleni ya malori."

"Leo nakusamehe. Kesho sijui."

Kisha alimrukia baba yake na kuuzika uso wake kifuani, kwenye shati lile lile la kazi.

Ndipo kifua cha Kibibi kikaanza kubana. Alipumua kwa mlio mwembamba, kama filimbi. Mara tatu mama yake alimbeba mgongoni akakimbia naye zahanati. Mara ya tatu midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi.

"Ni pumu," daktari alisema. Akampa dawa ya kuvuta, ile ya kichupa cha kubonyeza. "Lakini dawa peke yake haitoshi. Moshi na vumbi vinamchokoza. Mna ndugu anayekaa mbali na hapa?"

Alikuwepo mdogo wake Mama Kibibi. Alikaa juu milimani, safari ya nusu siku kwa basi. Kibibi akapelekwa huko kwa mama yake mdogo. Aliahidiwa kwamba ni kwa muda tu.

Nyumba ikawa kimya. Wazazi walizoea kuitana kwa jina la mtoto, na sasa jina hilo liliwachoma.

"Mama Kibibi, chai ipo?"

"Ipo, Baba Kibibi."

Akammiminia kikombe.

Jumamosi ilikuwa siku ya simu. Mwanzoni Kibibi alilia. Baadaye alisimulia kila kitu, hadi rangi ya mbuzi wa jirani. Kisha simu zikaanza kuwa fupi. "Mama, wananisubiri mchezoni. Tutaongea." Siku moja akiwa kwenye simu alisema kwa sauti, "Mama!" Mama Kibibi akaitika upesi, "Abee, mwanangu!" Kumbe hakuitwa yeye. Mtoto alikuwa akimwita mama yake mdogo aje achukue simu.

Siku hiyo Mama Kibibi hakushona tena. Alikaa mbele ya cherehani, mikono mapajani.

Wakati huo Baba Kibibi naye hakuwa mzima. Alikohoa asubuhi na jioni. Halafu kulikuwa na jambo la ajabu: kila Jumatatu, baada ya kazi, alipata homa. Mwili ulimuuma, akatetemeka. Jumanne alikuwa na nafuu.

"Ni malaria tu," alisema, akameza vidonge.

"Malaria gani hii inayojua kalenda?" mkewe aliuliza. "Kesho twende zahanati. Nimeshampeleka mmoja mbali. Wewe sitaki uende kokote."

Zahanati walimkuta muuguzi wa zamu, mwanamke mwenye sauti ya upole. Alipima damu. Malaria haikuwepo. Akaweka kalamu chini.

"Kaka, unafanya kazi gani?"

Baba Kibibi alishangaa. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo kwenye matibabu. Akaeleza.

"Na wenzako wanapata homa hii?"

"Wengi tu. Tunaiita mgeni wa Jumatatu." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Muuguzi hakucheka. "Mbao na pumba zenye unyevu zikirundikwa siku nyingi, huota ukungu. Ukichota, ukungu unaruka pamoja na vumbi, nawe unauvuta. Mwili unapigana nao. Ndiyo homa hiyo. Mwisho wa wiki unapumzika. Jumatatu ukirudi, mwili unashtuka upya. Ukiendelea hivyo miaka mingi, mapafu yanaweza kukakamaa."

"Lakini mimi hufunga kitambaa puani."

"Kitambaa kinazuia chembe kubwa. Ndogo zinapita. Unahitaji barakoa ya vumbi, ile inayobana uso vizuri. Majivu pia usiyafagie makavu. Ni laini kuliko unga, yanaingia ndani kabisa. Na moshi wa bomba la mtambo ni hivyo hivyo. Watoto, wazee na wenye ugonjwa wa moyo ndio wanaoumia zaidi." Akamtazama. "Nguo za kazi unavulia wapi?"

"Nyumbani."

Baba Kibibi aliinamia shati lake. Kwenye mishono kulikuwa na unga wa mbao.

"Dada," alisema polepole, "mtoto wangu alikuwa akinirukia nikiwa nimevaa hili."

"Nami nilizikung'uta nguo zako uani," mkewe akasema, "yeye akinishikia kapu."

"Si shati peke yake lililomwumiza," muuguzi alisema. "Kuna bomba, na kuna lile rundo la mbao na pumba lisilofunikwa. Hamkujua, na aliyepaswa kuwaambia hakuwaambia. Sasa mnajua."

"Kwa hiyo niache kazi?"

"Sijasema uache. Kazi inaweza kufanywa bila kuwaua watu. Zungumzeni na meneja. Msiende mmoja mmoja. Nendeni wengi, na mimi nitakuja na daftari langu la wagonjwa wa kifua."

Mama Kibibi alirudi nyumbani akiwa na wazo. Alikata vipande saba vya kitambaa cheupe, akavigawa kwa majirani. "Kianike kwenye kamba yako siku tatu. Usikiguse." Siku ya tatu alivikusanya.

Walikwenda watu kumi na wanane, wafanyakazi na majirani. Meneja aliwapokea akiwa amesimama.

"Mtambo huu ni safi," alisema. "Hatuchomi mafuta. Miti ikikatwa, inapandwa mingine. Mnataka tufunge mrudi gizani?"

"Hatutaki ufungwe, bwana," Mama Kibibi alijibu. "Mimi nashona kwa umeme wako." Akavipanga vile vitambaa mezani. Vilikuwa vya kijivu, viwili karibu vyeusi. "Hivi vilikuwa vyeupe. Siku tatu tu. Sisi tunavuta miaka."

Meneja alipitisha kidole juu ya kimoja. Kidole kikawa cheusi.

Muuguzi akafungua daftari. "Mwaka huu nimepokea wagonjwa wa kifua sitini na wawili. Arobaini na mmoja wanatoka upande huu, upepo unakoelekea."

"Na kichujio cha moshi kwenye bomba kimeharibika tangu mwaka jana," Baba Kibibi akasema. Alijua anaweza kufukuzwa. "Wewe mwenyewe unajua, mkuu. Mwanangu hakai na mimi. Naomba mkitengeneze."

Meneja alikaa. Alikitazama kidole chake tena. "Nipeni muda," alisema.

Muda huo ulikuwa mrefu kuliko walivyotaka. Mara mbili walirudi kuuliza. Muuguzi alimleta mkaguzi wa afya ya wafanyakazi. Hatimaye kazi ilianza. Kichujio kilitengenezwa. Rundo lilijengewa banda, na mbao za zamani zikatumiwa kwanza kabla hazijaota ukungu. Mkanda ulifunikwa. Majivu yalinyunyiziwa maji kabla ya kubebwa. Kila mfanyakazi alipewa barakoa ya vumbi na kufundishwa kuivaa. Vilijengwa bafu na makabati, watu wakaoga na kuacha nguo za kazi huko huko. Vipimo vya mapafu vikawa kila mwaka.

Vipimo vya Baba Kibibi havikuwa vizuri sana. "Sehemu iliyokakamaa haitarudi kama zamani," daktari alimwambia. "Lakini tumewahi. Kaa mbali na vumbi, hali isiendelee." Akahamishiwa kwenye mizani ya malori, ndani ya kibanda chenye kioo. Homa ya Jumatatu ilikoma. Ngazi bado alipanda akipumzika katikati.

Kibibi alirudi wakati wa likizo. Aliposhuka kwenye basi, mama yake alimtafuta mtoto wa miaka saba, akamwona msichana mrefu, ameota jino jipya la mbele. Hakuwa amemshonea gauni lolote la kipimo hicho. Mara mbili siku hiyo mtoto alisema "kule nyumbani" akimaanisha milimani. Mama Kibibi alitabasamu kila mara, kisha akaingia jikoni akafuta macho.

Mwaka ule haukurudi. Lakini wiki ilipita bila kifua kubana, kisha mwezi. Muuguzi alimsikiliza mgongoni, akasema anaweza kubaki, ila dawa yake isikae mbali naye.

Alasiri moja Mama Kibibi alikuwa akishona. Nje watoto walikuwa wakikimbizana, na sauti moja ilipita zote. Jirani akatokeza kichwa mlangoni.

"Mama Kibibi, tafadhali! Mwanao anapiga kelele mtaa mzima hausikilizani. Hata kupumua hapumui!"

"Anapumua, shoga yangu," Mama Kibibi alisema. Alisimamisha cherehani ili asikie vizuri. "Anapumua. Mwache apige."