Kisigino cha Baba

Kila Jumamosi, akimaliza kufagia ua, binti alishika mkasi na kwenda kumsaidia mama yake. Mama alikuwa fundi wa kushona viti vya pikipiki. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, chenye cherehani moja na vipande vya sponji kila mahali, hata ndani ya birika la chai.

Wateja wake walikuwa wa aina mbili, na hawakuiva chungu kimoja. Wa kwanza walipanda pikipiki pana zinazonguruma taratibu. Walikaa wameegemea nyuma, miguu wameinyoosha mbele kama wako sebuleni, ndiyo maana wakabandikwa jina la Masofa. Wengine walipanda pikipiki za mbio. Hao walilala juu ya tangi, magoti wameyakunja, wakaitwa Panzi. Kiongozi wa Masofa alikuwa baba. Kiongozi wa Panzi alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Ubishi wao ulianzia barabarani ukamalizikia mezani, na mama aliwaambia kila mara kwamba kwake yeye wote ni vipimo vya viti tu.

Safari hii baba na mjomba waliamua kushindana kwa kwenda polepole. Wa mwisho kufika ndiye mshindi, lakini atakayegusa chini kwa mguu amekwisha. Watakaoshindwa wataosha pikipiki za wenzao, na mshindi ataongoza msafara wa Jumapili. Baba alimwahidi binti kwamba akishinda atampakia nyuma yake, mbele ya watu wote. Binti hakulala vizuri kwa furaha. Alikwisha kushonea sponji mpya kofia yake ngumu.

Kwa kuwa alikuwa damu ya pande zote mbili, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa mwamuzi.

Njia ilichorwa kwa chokaa katika uwanja wa nyuma ya karakana. Pikipiki ya mjomba haikuzoea mwendo huo. Ilitetemeka kama mbuzi anayevutwa kwenda kuogeshwa. Baba alitulia, hata akapiga mwayo wa makusudi ili kuwakera Panzi. Mwayo huo ndio uliomponza. Pikipiki iliyumba, kisigino chake cha kushoto kikagusa mstari wa chokaa, kikarudi juu upesi. Watazamaji wote walikuwa upande wa kulia. Aliyekuwa kushoto ni binti peke yake.

Mjomba alitangulia kufika. Masofa wakashangilia, na mjomba, bila kinyongo, akaanza kukunja mikono ya shati na kuulizia ndoo.

Binti aliutazama mstari wa chokaa. Angenyamaza tu, kesho angekuwa mbele ya msafara.

"Baba amekanyaga," alisema.

Baba alisema hakukanyaga, kisigino kilisalimia tu.

"Na ardhi imeitikia, shemeji," mjomba alijibu. "Tazama kiatu chako."

Kisigino kilikuwa cheupe pepepe. Baba alikifutia kwenye suruali kwa siri, sasa suruali nayo ikawa nyeupe, na hata Masofa wenyewe wakashindwa kujizuia kucheka. Mwishowe baba naye alicheka, akaichukua ndoo.

Jioni hiyo Masofa waliosha pikipiki za Panzi hadi migongo ikawauma. Binti alikaa mlangoni mwa karakana, kofia mapajani. Mama alizima cherehani akamwambia kwamba mwamuzi anayempendelea baba yake leo, kesho hata baba mwenyewe hatamwamini.

Baba alisikia. Alikuja na sabuni hadi kwenye viwiko, akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Mwanangu, wa kunisifu ninao wengi, wamejaa pale wanaosha. Wa kuniambia nimekanyaga ninaye mmoja. Ukweli wako umenigharimu ndoo ya maji, lakini uongo ungenigharimu wewe. Kesho utapanda nyuma yangu, ila tutakula vumbi la mjomba wako."

Jumapili mjomba aliongoza msafara, amejikunja kama kawaida yake. Nyuma kabisa, baba na binti walikwenda taratibu, kila mmoja na kofia yake ngumu. Walipofika kwenye kona, baba aligeuza kichwa kidogo.

"Mwamuzi, kisigino kiko wapi?"

"Kiko juu, baba."

"Endelea kukitazama."