Aliyegonga Ndani ya Boila

Haya yalimkuta jirani yangu Enid, tunayeishi naye ukuta kwa ukuta, na nisingeyaona kwa macho yangu ningesema ni porojo za walevi. Ilikuwa Jumanne ya Novemba hapa kwenye mji wetu wa migodi, Barnsley, siku ya kawaida kabisa: mvua nyepesi, nguo zimeanikwa jikoni, na mimi nimeingia kumkumbusha jambo lile lile kwa mara ya kumi. Boila lake la gesi, linalopasha joto nyumba nzima, halikuwa limeguswa na fundi kwa miaka mitano.

"Mama Enid, baridi imeshaingia. Nimwite fundi alisafishe?"

"Lina kosa gani? Linawaka, nyumba ina joto. Wewe mwanangu kazi yako kuchokonoa tu."

Mashavu yake yalikuwa mekundu na alikuwa amejifunga kitambaa chenye maji kichwani. Kichwa kilimuuma wiki ya pili sasa. Mimi mwenyewe nikikaa pale nusu saa kinaanza kunigonga, nikitoka nje kinapoa. King'ora cha kunusa moshi wa gesi alikuwa amekitoa betri, eti kinampigia kelele. Ukaidi wake ulinichosha. Lakini nilimpenda, na niliogopa kwamba siku moja nitamkuta amekufa.

Saa kumi jioni boila likagonga. Ngo. Ngo. Ngo.

Enid akatabasamu, akainuka kuweka birika. Akamimina vikombe viwili. Kimoja akakiweka juu ya boila.

"Ni Wilf," akaninong'oneza. Wilf ni mumewe, na tulimzika miaka mitatu iliyopita. "Akiwa kwenye banda lake nyuma ya nyumba alikuwa akigonga bomba mara tatu, anataka chai. Fundi aliniambia kwenye simu ni ukoko wa chumvi ya maji tu ndani ya boila unagonga, akisafisha utanyamaza. Sasa nimwite mtu aje amnyamazishe mume wangu?"

Nikarudi kwangu na kichwa changu kinachouma.

Kesho yake nilikwenda na Norris, mzee aliyefanya kazi na Wilf miaka ishirini kwenye mgodi wa makaa. Nilitaka amtie akili. Saa kumi ikafika. Ngo. Ngo. Ngo. Enid akashika birika.

Norris akavua kofia.

"Shemeji, hiyo siyo chai."

"Unajua nini wewe kuhusu chai ya mume wangu? Ulikuwa ukija hapa unammalizia."

"Wilf alikuwa mpiga kengele wa lifti ya mgodini. Kule, kengele tatu ni watu wapandishwe juu. Anakwambia utoke, shemeji."

Enid akasimama na birika mkononi. Nadhani hakuwahi kufikiria kwamba Wilf angeweza kutaka kitu kingine zaidi ya chai.

Boila likanyamaza. Kisha likagonga tena.

Ngo. Ngo.

Tukasubiri ya tatu. Haikuja.

"Mbili ni nini?" nikauliza.

Norris alizima boila, akamshika Enid mkono.

"Tokeni," akanong'ona. "Tokeni sasa hivi. Mbili ni kushushwa shimoni."

Mlangoni Enid akaanguka. Tukamburuta hadi nje kwenye mvua. Akatapika. Birika bado alikuwa amelishika.

Hospitali walimlaza, wakampa hewa ya mtungi. Aliporudi siku ya pili aliniambia, bila kunitazama usoni, nimwite fundi.

Fundi aliyekuja alikuwa dada mmoja mcheshi, Keeley. Aligundua kunguru walikuwa wamejenga kiota kwenye dohani, moshi wote ukawa unarudi ndani. Akaanza kufungua mfuniko wa mbele, skrubu zimeshika kutu. Mizaha yake ikakatika.

Upande wa ndani wa mfuniko masizi yalikuwa yametanda, mazito. Palikuwa na ufa mrefu. Juu ya ufa palikuwa na kiganja. Hakikuchorwa. Ni mahali ambapo masizi hayakufika, vidole vitano vimetanuliwa. Mtu alikuwa ameuziba ufa kwa mkono wakati moto unawaka. Kwa ndani.

"Ufa kama huu ungekumaliza wiki ya kwanza," Keeley akasema polepole. "Nani alifungua hiki?"

"Hakuna aliyefungua."

Enid akaweka mkono wake pale. Ulikuwa mdogo, ukapotea ndani ya kile kiganja. Akalia kwa sauti, kilio ambacho hata mazikoni sikukisikia.

"Safisha, mwanangu," akasema mwishowe. "Mtu amechoka."

Keeley akatoa kiota, akaziba ufa, akasafisha mpaka bati likang'aa. Boila halikugonga tena. Kiangazi huwa tunazima maboila, na Julai nilipopita kumsabahi Enid nikajikuta nimeweka mkono kwenye mfuniko ule. Bati lote lilikuwa baridi. Pale tu, upana wa kiganja, palikuwa na joto.