Mchanga wa Munje

Lori lililowaleta wanawake wa Munje, kijiji cha pwani, kulitazama bwawa jipya la milimani Kwale lilifika saa tatu asubuhi, Alhamisi moja ya mwaka 1956. Walikuja na sinia la wali na mchuzi wa papa, maana walisikia ukuta wake umepita minazi kwa urefu, na mtambo wake utawasha taa mpaka pwani. Ukuta waliukuta. Chini yake, bonde zima la mpunga lilikuwa tope. Mpunga uliobakisha wiki moja kuvunwa ulilala kifudifudi.

Kando ya lango la maji, Chirau, mlinzi wa lango, alikuwa na pingu mikononi.

"Shangazi!" aliita.

Bi Mwanamkuu akashuka lorini mbio. Kwao Munje ndiye aliyekuwa akipiga lipu nyumba za watu. "Mwamfungia nini mwanangu?"

"Shikamoo, mama," alijibu Koplo Chengo. "Lango lilifunguliwa saa kumi alfajiri, likafungwa tena saa moja. Kufuli haikuvunjwa. Funguo ni mbili: mmoja wa huyu, mmoja wa msimamizi. Msimamizi alikuwa amelala. Huyu alionekana akikimbilia bondeni."

"Nilisikia maji yananguruma, nikakimbia kuwaamsha watu!"

"Ni kweli," alisema Mbeyu, mkulima wa bondeni, tope limemfika kifuani. "Wanangu amewatoa yeye majini."

"Mtu aweza kufungua, kisha akajuta," alisema Koplo. "Saa saba nampeleka Mombasa."

"Mbona humuulizi Thoya?" akasema mtu mmoja. "Si aliapa ukuta huu hautadumu?"

Thoya, mwashi aliyefukuzwa kazi, alikuwa amesimama pale pale. "Niliapa, na naapa tena! Nilikataa kukoroga simiti kwa mchanga wa baharini, nikafukuzwa. Lakini ufunguo nitautoa wapi?"

Bi Mwanamkuu aliteremka ngazi za upande wa maji. Maji yalikuwa yamepungua kimo cha mtu, yakaacha alama ya ubichi ukutani. Chini ya alama hiyo palikuwa na lipu mpya, pana kama mswala. Akaidunga ukucha, ukazama. Kando yake akaukwangua ukuta wenyewe. Vikatoka vipande vya magamba ya kome. Akaramba kidole.

Chumvi.

Alipanda kwa hasira, lakini sauti aliishusha. "Watu hawa hawajala tangu jana. Teremsheni sinia. Na msimamizi mwiteni."

Alfani, msimamizi wa kazi, alikuja mikono i mifukoni. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Msiba mkubwa huu. Mimi nimeamka saa mbili, nimeamshwa na makelele."

"Marahaba. Karibu chakula, mwanangu."

Watu wakanawa, wakazunguka sinia. Alfani akabaki amesimama.

"Nipatieni kijiko."

Wanawake wakacheka, hata wenye tope. "Kijiko! Alfani wa Msambweni? Mamako alikulea Ulaya?"

"Usiwajibu," alisema Bi Mwanamkuu. "Toa mkono mfukoni, uutie katika mchuzi huu. Una pilipili na ndimu. Kama ulilala mpaka saa mbili, hautakuwasha."

Alfani hakusogea. Koplo akamshika kifundo cha mkono, akauvuta nje. Vidole vilikuwa vyekundu, ngozi imechubuka, simiti imekauka kwenye kucha.

"Simiti mbichi humla mtu asiyeizoea," alisema Bi Mwanamkuu. "Mwashi angejipaka mafuta. Bwana Koplo, kuna lipu mbichi mahali ambapo jana palikuwa chini ya maji. Nani angeipaka kabla maji hayajashuka? Chirau saa hiyo alikuwa bondeni katika tope, watu wakimwona. Aliyeipaka ndiye aliyefungua."

"Ilikuwa ufa mdogo tu!" Alfani alipaza sauti. "Injinia anakuja Jumamosi. Nilitaka maji yashuke kidogo, nizibe, nifunge."

"Na ufa umetoka wapi? Sisi Munje tuliyaona malori yako yakichota ufuo wetu, tukadhani mwajenga barabara. Mchanga wa mtoni ulikuwa mbali, sivyo? Nyumba ya mchanga wa baharini hutoka jasho mpaka ianguke, hata bintiangu mdogo ajua hilo! Ulijua, ukawawekea watu mlima wa maji juu ya vichwa vyao. Kisha ukamtwika kosa mwanangu."

Koplo alimfungua Chirau pingu, akamtia Alfani. Chuma kilipogusa ngozi iliyochubuka, Alfani aliguna.

"Inachoma. Nipeni maji, jamani, ninawe."

Mbeyu akainuka kutoka kwenye sinia. Alilitazama bonde lake, kisha akamtazama yeye.

"Maji?" alisema. "Yafuate kule kwenye mpunga wangu."

Hakuna aliyemletea hata kata moja ya maji.