Pasipoti Thelathini na Saba

Kabati la chuma lilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na kitu.

Inspekta Hellen Nyanchama wa idara ya upelelezi mjini Migori alipiga magoti mbele yake akamulika tochi hadi rafu ya mwisho. Vumbi kidogo. Mpira mmoja wa kufungia karatasi. Basi. Kufuli halikuwa na mkwaruzo, wala mlango wa ofisi haukuwa umevunjwa. Kompyuta ilikuwa pale pale mezani.

"Thelathini na saba!" alisema mwenye ofisi, Elkana Wangwe, wakala wa kupeleka wafanyakazi nchi za Ghuba, Uarabuni. "Pasipoti thelathini na saba za wasichana wangu!"

"Wasichana wako?"

"Wateja, Inspekta. Wateja."

"Uliziona lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi saa sita, zimepangwa vizuri. Nikafunga, nikaenda kula. Leo Jumatatu nafungua, hakuna kitu."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi peke yangu. Hautoki kiunoni."

"Hautoki kabisa?"

Wangwe aliuchomoa kiunoni. "Labda nikiongea na darasa nauweka mezani. Lakini hapo hapo, mbele ya macho yangu."

Nyanchama aliupokea kwa kitambaa, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya meno yake palikuwa na utando wa samawati, laini kama nta. Akaunusa. Sabuni ya mche.

"Huwa unafua funguo, Bwana Wangwe?"

"Sielewi."

"Hata mimi bado." Akautia katika mfuko wa ushahidi.

Koplo Omondi alipiga picha. Mtaalamu wa alama za vidole alipaka unga wake kila mahali, akapata alama za Wangwe tu. Sehemu nyingine ya kabati ilikuwa imepanguswa.

Chumba cha pili kilikuwa darasa: viti vya plastiki, meza ya kupigia pasi, na ramani kubwa yenye mishale myekundu kutoka Kenya hadi miji ya Ghuba. Wangwe alisimama mbele ya ramani hiyo, akasahau kidogo kwamba ameibiwa.

"Hii ni elimu, Inspekta. Watu ni kama maji. Kazi ikikauka huku, wanateremkia kule iliko. Mimi nimechimba mfereji tu."

"Na nani amezichukua?"

"Washindani wangu. Au zimeshavuka mpaka wa Isebania, zinauzwa Tanzania. Uliza mpakani."

Nyanchama aliuliza mpakani. Maafisa wa Isebania walipekua magari Jumatatu nzima na Jumanne. Hawakupata kitu.

Kilichomsumbua inspekta kilikuwa benchi la nje ya stesheni ya polisi. Mtu akipoteza kitambulisho tu hufika pale akilia. Wanawake thelathini na saba walikuwa wamepoteza pasipoti, na hadi Jumatano jioni hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza.

"Labda hawajapata habari, Madam," alisema Omondi.

"Migori hii? Habari ilifika sokoni kabla hujapiga picha ya kwanza."

Alhamisi asubuhi alichukua orodha ya majina, akachagua mtu aliyekuwa karibu, na yeye na Omondi wakaendesha hadi Masara, kwenye machimbo ya dhahabu.

Rael alikuwa ameinama juu ya karai, akizungusha mchanga wa mawe yaliyosagwa, mikono imezama hadi viwiko katika maji ya rangi ya matofali. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kando yake wanaume waliozungumza kwa lafudhi ya Tanzania walikuwa wakivuta kamba kutoka shimoni. Kila mtu pale alikuwa ametoka mahali pengine.

"Rael, mimi ni Inspekta Nyanchama. Pasipoti yako imeibwa."

"Nani amesema?"

"Wangwe."

"Kama amesema imeibwa, basi imeibwa." Karai liliendelea kuzunguka.

"Huna wasiwasi?"

"Afande, wasiwasi nilikuwa nao wiki iliyopita."

"Niambie."

Rael aliweka karai chini. "Niliomba kazi ya kusafisha hospitali. Hiyo niliikubali. Mkataba ukaja mwingine. Kazi ya nyumbani, nchi nyingine, mtu simjui. Nikasema hapana, nirudishie pasipoti yangu nitafute njia yangu mwenyewe. Wangwe akasema pasipoti haitoki. Nikapiga magoti. Mimi, mama wa watoto wawili, nikampigia magoti."

"Akasema nini?"

"Akasema nimechelewa, nitapanda ndege Ijumaa."

"Ijumaa ni kesho."

"Kesho nitakuwa hapa. Au popote nitakapotaka." Mkono wake uliolowa ulipanda wenyewe hadi kifuani, ukagusa kitu kigumu chini ya blauzi, kisha ukashuka haraka.

Nyanchama aliona. Walipofika garini, akamgeukia koplo.

"Haijaibwa, Omondi. Imerudishwa. Zote zimerudishwa."

"Na nani?"

"Mtu aliyeuona ufunguo mezani na alikuwa na kipande cha sabuni."

Mafundi wa funguo katika soko la Migori walikuwa watatu. Wawili walikataa katakata. Wa tatu, mzee aliyeitwa Ombui, alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Sabuni si kosa, Inspekta. Watu hupoteza funguo."

"Nani alikuletea sabuni yenye alama ya ufunguo?"

"Alisema ni wa nyumba yake."

"Nani, mzee?"

Ombui alichezea tupa yake. "Mwalimu wa wale akina dada wa Wangwe. Yule anayewafundisha Kiarabu. Adhiambo."

Edith Adhiambo alikuwa hajaonekana kazini tangu Jumamosi. Kwao kulikuwa Rodi Kopany, upande wa Homa Bay. Walifika saa nane mchana, wakamkuta nyuma ya nyumba ya udongo, amekunja sketi, akisawazisha saruji mbichi juu ya kaburi. Hakukimbia. Alimaliza pembe moja, akasuuza mikono.

"Nimewangoja tangu Jumatatu," alisema. "Twendeni."

Katika chumba cha mahojiano, Nyanchama alimsomea haki zake. Alimwambia anaweza kunyamaza.

"Nimenyamaza vya kutosha. Uliza."

"Uliingiaje?"

"Ufunguo wa mlango ninao, mimi ni mwalimu. Wa kabati nilichongesha kwa fundi. Wangwe alipotoka Jumamosi kwenda kula, nilifungua, nikazitia kwenye mkoba, nikapangusa, nikafunga."

"Mbona kabati lilikutwa wazi?"

"Alilifungua yeye Jumatatu. Nilitaka alifungue mwenyewe aone."

"Pasipoti ziko wapi?"

"Kwa wenyewe. Jumamosi mchana na Jumapili mchana nilizunguka na boda boda: Uriri, Awendo, Rongo, Masara. Kila mtu nilimpa mkononi. Hata moja sikumwachia jirani."

"Ulijua ni kosa?"

"Nilijua. Rael alipopiga magoti nilikuwa nimesimama mlangoni na chaki mkononi. Jioni hiyo nilinunua sabuni."

"Kwa nini hukuja kwetu?"

"Ningekuja na nini? Kabati ni lake, cheti chake cha uwakala kiko ukutani, na wasichana wametia sahihi kila mahali alipowaonyesha."

Nyanchama alisukuma kikombe cha chai upande wake. Adhiambo hakukigusa.

"Lile kaburi ni la nani?"

"La mama." Alikwangua saruji iliyobaki kwenye kucha. "Nilifanya kazi Ghuba miaka miwili. Pasipoti yangu ilikaa kwenye sefu ya mwenye nyumba. Mama alipougua nikaiomba. Akasema mkataba haujaisha. Mama akafa Jumanne, akazikwa Jumamosi ya pili yake. Saa walipokuwa wakimshusha, mimi nilikuwa napiga pasi shuka. Shuka kumi na moja. Niliporudi, Wangwe akaniajiri niwaambie wengine kwamba kule ni kuzuri."

"Kwa hiyo unataka wasiende."

"Nani amesema?" Kwa mara ya kwanza alipandisha sauti. "Babu yangu alibeba makasha bandarini Mombasa. Baba alichuma chai Kericho. Mimi mwenyewe nikipata kazi ya maana, kesho naondoka. Waende! Lakini mtu aende akiwa na njia ya kurudi mkononi mwake. Wangwe anasema watu ni maji. Maji hayaombi kurudi nyumbani. Mimi niliomba."

Saa kumi Wangwe aliitwa. Aliingia akitabasamu, akamwona Adhiambo, tabasamu likapanuka.

"Mwizi wa nyumbani! Mfungeni."

"Kwanza maelezo ya mlalamikaji," alisema Nyanchama, akamsogezea karatasi. "Nimeandika ulivyoniambia. Kwamba ulikuwa umefungia pasipoti thelathini na saba za watu. Na nimeongeza alivyosema Rael, kwamba aliomba yake ukakataa kuitoa. Ni kweli?"

"Walinipa kwa hiari yao."

"Rael alipoitaka, hiari yake ilikwenda wapi?"

Wangwe alisoma karatasi ile mara mbili. Kalamu ilibaki hewani.

"Nikitia sahihi hapa..."

"Utakuwa umekiri. Kumnyima mtu pasipoti yake ni kosa, Bwana Wangwe. Sheria iko wazi."

Aliweka kalamu chini. "Aa, Inspekta, haya ni mambo ya nyumbani. Mwalimu ni kama dada yangu. Nafuta malalamiko. Tusameheane, twende zetu."

"Mimi siendi," alisema Adhiambo.

"Amekusamehe," Omondi alimnong'oneza.

"Sikumwomba msamaha. Kesi ikifutwa, mwezi ujao kabati litajaa tena. Nipelekeni kortini. Nataka kusimama pale nimtazame hakimu niseme nilichukua nini, wapi na kwa nini. Andika, Inspekta. Andika jina langu lote, na uandike kwamba sijuti."

"Unaweza kufungwa."

"Nimeshafungwa. Miaka miwili, na hakuna hakimu aliyenihukumu."

Omondi alitoka kuwapigia simu wenye pasipoti. Wanawake wengi hawakupokea. Wawili walikuwa wamekwisha kupata wakala mwingine Nairobi, na walisema hawataki tena kusikia neno Migori. Lakini kabla ya saa kumi na mbili walifika saba. Rael alikuwa mbele, miguu ikiwa bado na matope ya Masara, pasipoti ameishika juu waziwazi.

"Tumekuja kuandikisha maelezo," alisema. "Hatutoki mpaka tuandikishe."

Benchi la nje lilijaa.

Nyanchama alirudi ndani, akafungua ukurasa mpya katika kitabu cha matukio. Juu aliandika tarehe na saa. Maelezo ya Adhiambo yalikuwa tayari kwenye ukurasa wa kushoto, yametiwa sahihi kwa herufi kubwa. Wangwe alikuwa amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Keti," alisema Nyanchama.

"Mimi? Mimi ndiye mlalamikaji!"

"Umefuta malalamiko yako. Keti." Akashusha kalamu kwenye ukurasa wa kulia. "Jina lako kamili?"