Mgeni Aliyeomba Maji

Haya yalimpata jirani yetu, fundi cherehani, mwanamke asiye na makuu wala porojo. Ndiyo maana aliposimulia hakuna aliyethubutu kumcheka.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, tumbo moja, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Mtaa mzima ulimwita Mluzi, kwa kuwa hakuweza kuvuka barabara bila kupiga mluzi. Kijana alipata kazi reli, ya kuunganisha mabehewa. Behewa moja limesimama, jingine linasukumwa nyuma na injini, naye yuko katikati, anapachika mnyororo kabla hayajambana. Kazi ya roho mkononi. Ukimuuliza kama haogopi, hucheka.

"Behewa halina hila, dada. Likija, linakuja na kelele zake. Binadamu ndiye huja kimya."

Dada akaolewa na karani, akaingia nyumba ya mapazia na vikombe vyenye maua. Hapo ndipo aibu ilipomwingia. Mluzi akija kumsalimu na ovaroli lake la grisi, humkalisha uani, asionekane. Na mama mkwe alipomuuliza ndugu zake wako wapi, akajibu hana. Uongo ukishatoka haujui njia ya kurudi.

Vita vilipoanza, jeshi likawachukua vijana wa reli, maana reli ndiyo iliyobeba risasi na chakula. Treni yao iliondoka mchana kweupe. Dada alikuwepo stesheni, ila hakuja kuaga. Alikuwa na mama mkwe, wamefuata mzigo. Dirisha la behewa likafunguka.

"Dada! Dada, ndiyo naondoka!"

Mama mkwe akageuka. "Anakuita wewe? Unamjua?"

"Simjui, mama."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini kijana alisikia. Akamtazama. Kisha akatabasamu, akamwinamia mama mkwe kwa adabu. "Samahani, mama. Nimemfananisha." Akafunga dirisha.

Habari zililetwa na askari mwenzake, mkono umefungwa bendeji. Treni ilipigwa bomu. Behewa la petroli likashika moto, na nyuma yake lilikuwapo behewa la majeruhi. Mluzi akaingia katikati, akafungua mnyororo. Majeruhi wakapona. Yeye walimtoa akiwa ameungua mwili mzima.

"Aliomba maji mpaka mwisho," askari alisema. "Hatukuwa nayo."

"Hakuniachia neno?"

Askari akainamisha kichwa. "Kila siku alikuwa akikusifu kwetu, fundi. Lakini siku ile tulipomuuliza tumpelekee nani habari, alisema hana ndugu."

Dada hakuweka msiba. Utamliaje mbele za watu mtu uliyesema humjui? Alilia bafuni, kitambaa mdomoni, kisha akarudi kwenye cherehani.

Jumamosi moja, alasiri, alikuwa akishona pazia. Mama mkwe akaingia.

"Kuna kijana mlangoni. Anaomba maji."

"Mpe tu, mama."

Baadaye kidogo akarudi. "Amemaliza. Anataka tena."

Cherehani ikasimama.

"Amevaaje?"

"Nguo za jeshi. Sura siioni, jua liko nyuma yake."

Lakini saa zile jua lilikuwa upande wa uani. Mlangoni palikuwa kivuli kitupu.

Mama mkwe akasogea, akanong'ona. "Nimemuuliza amemfuata nani. Ameonyesha chumba hiki. Unamjua?"

Neno lilikuwa tayari ulimini, lile lile la stesheni. Angelisema, mlango ungefungwa.

"Namjua, mama. Ni mdogo wangu. Nilimwonea haya."

Akaubeba mtungi wa maji wa nyumba ile kwa mikono miwili. Akaenda. Hakuthubutu kuinua macho. Aliona buti tu. Zimepasuka. Hazina vumbi.

"Karibu ndani, mdogo wangu."

Buti hazikusogea. Mikono ikaupokea mtungi. Joto likampiga usoni kama amefunua tanuri. Akasikia mtu akinywa. Akinywa. Akinywa bila kuvuta pumzi, mpaka tone la mwisho.

Kisha sauti aliyoilea mwenyewe ikasema, taratibu, kwa adabu ya mgeni:

"Asante, mama. Samahani kwa usumbufu."

Alipoinua macho, njia ilikuwa tupu.

Nyuma yake mama mkwe akauliza, "Mbona hakukuita dada?"

Dada akainama.

Mtungi aliukuta kizingitini, mzima, ndani umejaa masizi. Ameusugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni. Hayatoki. Kila asubuhi anaujaza na kuuweka pale mlangoni. Jioni hauna hata tone, na mtungi hauvuji.