Kikombe Mlangoni pa Chumba cha Mwisho

Giza lilikuwa linaanza kuingia mshonaji alipojitwika furushi la mashuka ya hospitali. Alikuwa ameyatia viraka, na dobi aliyataka kabla hajafunga. Mdogo wake akamfuata bila kuombwa, maana njia ya kwenda kwa dobi inapita ndani ya wodi ya wagonjwa wa akili, na humo dada yake aliwahi kulazwa.

Kulazwa ni neno la adabu. Wauguzi walimfunga kitandani kwa vipande vya shuka, siku tatu, katika chumba cha mwisho. Kwenye kitanda cha jirani alifungwa bibi mmoja mpole, akaomba maji mpaka sauti ikamkauka. Alfajiri alikuwa kimya. Miaka sita imepita, na mshonaji bado hachani shuka kwa mkono, hukata kwa mkasi. Akisimulia huambiwa ni ugonjwa wake huo. Ukishaitwa kichaa, hata kovu lako si ushahidi.

Ndiyo maana ndugu hawa wawili wana mapatano. Mshonaji akisikia au kuona jambo, amuulize mdogo wake. Akijibiwa hapana, basi ni ugonjwa, ameze vidonge, kazi iendelee. Hata yule mtu anayesimama nyuma ya cherehani nyumbani kila jioni, mdogo alishasema hayupo. Mshonaji akajizoeza kushona bila kuinua macho.

Wodi ilinuka mkojo na dawa ya kudekia. Mlango wa mwisho ulikuwa na kufuli lenye kutu, na chini yake upenyo wa kupitishia sahani.

Kwaru... kwaru...

Kucha kwenye mbao.

"Maji..."

Mshonaji alisimama. "Unasikia?" alinong'ona.

"Sisikii kitu, dada. Twende."

Akaenda. Angefanyaje? Aliona aibu, kama siku ile bibi alipoomba maji, lakini mapatano ni mapatano.

Dobi alipokea furushi akimtania, "Leo umewahi, fundi. Umekimbizwa?"

"Chumba cha mwisho kina nani?"

"Vitanda vibovu tu. Alipofariki yule bibi, hakikufunguliwa tena."

Mshonaji aligeuka. Mdogo wake hakuwepo.

Alimkuta mbele ya mlango ule, amepiga magoti, anasukuma kikombe cha maji kwenye upenyo.

"Cha nani hicho?"

Mdogo aliendelea kukisukuma. "Nimechoka kumsikia, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyokuja kukuchukua. Nilikuwa nakataa ili upone."

Kikombe kiliburuzwa ndani, taratibu. Mtu akanywa kwa pupa. Kisha kikarudishwa nje kikiwa kitupu.

"Maji..."

Mshonaji hakukitazama. Alikuwa akizikumbuka hapana zote za miaka sita. Hakuwa na mwingine wa kumuuliza duniani.

"Na yule wa nyuma ya cherehani?"

Mdogo wake aliokota kikombe, akakifuta kwa upindo wa nguo, akakifuta tena.

"Twende, dada," alisema. "Leo tukalale kwa shangazi."