Figo Haipigiwi Kura

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika mtaani. Watu walimwita Chiriku, maana alikuwa msemaji hasa. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu. Asubuhi hupanda ngazi na brashi yake, na mpaka jioni mdomo haujafungwa. Akikosa mtu wa kuzungumza naye, huzungumza na ukuta.

Nyumbani aliishi na mama yake, mjomba wake, kaka yake na mke wa kaka, yaani wifi yake. Nyumba hiyo ilikuwa na mtindo wake. Jambo likiwashinda kuamua, walilipigia kura mezani, kwa vijiko. Mama aliweka bakuli mbili, moja ya ndiyo na moja ya hapana. Kila mmoja alitia kijiko chake. Waliipigia kura rangi ya mlango. Walipiga kura nani aoshe vyombo. Aliyeshindwa alinuna kidogo, kisha akacheka, mambo yakaisha. Wifi peke yake hakuwa na kijiko cha kura.

"Kura ni ya watu wa damu moja," mjomba alizoea kusema, na hakuna aliyembishia.

Kisha figo za kaka zikashindwa kufanya kazi. Kaka alikuwa fundi wa magari, mtu wa miraba minne. Sasa kila mara alikwenda hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, akarudi nyumbani yuko hoi. Daktari alisema huenda angeishi vizuri zaidi akipata figo ya mtu mwingine.

"Mtu mwenye afya ana figo mbili," alieleza. "Anaweza kutoa moja na kuishi na moja. Lakini lazima apimwe vizuri, maana kila upasuaji una hatari zake."

Mama alipimwa, akakutwa na shinikizo la damu. Mjomba alikutwa na kisukari. Wote wawili wakakataliwa. Akabaki Chiriku.

Jioni moja, kaka amelala chumbani na wifi yuko jikoni, bakuli zikawekwa mezani.

"Haya," mama akasema. "Chiriku atoe figo?"

"Mama, si tuongee kwanza?"

"Tuongee nini, mwanangu? Kaka yako anakwisha huku tunamwona!"

"Na wewe huna mume, huna mtoto," mjomba akadakia. "Nani anakutegemea?"

Kijiko cha mama kikaingia kwenye ndiyo. Cha mjomba vilevile. Chiriku akatia chake kwenye hapana.

"Viwili kwa kimoja," mjomba akasema, akivuta sahani yake. "Imepita hiyo."

Chiriku alikwenda kulala. Aliogopa kisu cha daktari. Aliogopa kwamba hataweza tena kazi yake. Alimpenda sana kaka yake, ndiyo maana aliona aibu kuogopa.

Hospitalini, Chiriku, mama na mjomba walipokewa na mshauri wa wagonjwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, miwani ikining'inia shingoni. Aliwaomba mama na mjomba wasubiri nje, akafunga mlango.

"Unataka kutoa figo?" akamuuliza Chiriku.

"Wameshaamua nyumbani."

"Nyumba haina figo, bibie. Nakuuliza wewe."

Chiriku akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Sitaki," akasema. "Nampenda kaka yangu, lakini sitaki. Mimi ni mtu mbaya?"

"Hata kidogo. Umeulizwa, umejibu, basi. Ukipenda, nitawaambia kwamba hutatoa, na sababu sitaitaja. Siri yako ni yako."

Chiriku akafuta uso. Angeweza kutoka pale kimyakimya. "Waite," akasema. "Nataka wasikie kutoka kwangu."

Kaka naye alikuwa palepale hospitalini kwa ajili ya mashine, wifi akiwa naye. Wote wakaitwa, wakakaa. Chiriku akasema alilokuwa nalo moyoni.

Mama akapiga viganja. "Jamani! Figo moja itoke, roho ya mtu ipone. Hesabu gani ngumu hapo?"

"Si hesabu mbaya, mama," mshauri akasema. "Wako watu waliokaa wakafikiri sana juu ya mema na mabaya. Baadhi yao walisema hivyohivyo: tazama matokeo, chagua lenye faida kwa wengi. Ila hesabu iwe kamili. Umeihesabu hofu ya binti yako? Umekihesabu kinyongo kitakachobaki kati ya hawa wawili? Na watu wakijua kwamba hapa mtu hukatwa kwa kura za ndugu zake, nani atakuja kutibiwa bila woga?"



"Lakini wengi tulikubali," mjomba akasema.

"Mjomba, tukipiga kura hapa kwamba ung'olewe jino lako zima apewe mwingine, na tukakushinda, utafungua mdomo?"

Mjomba akaufumba mdomo haraka. Hata kaka akacheka.

"Unaona? Ndiyo maana wengine walifundisha kwamba mtu si chombo. Hata faida iwe kubwa namna gani, hatumiwi bila ridhaa yake."

"Kwa hiyo kutoa figo si wema?" mama akauliza.

"Ni wema mkubwa mno! Wako pia wanaosema tuangalie tabia: mtu jasiri, mwenye huruma, angefanya nini? Anayetoa kwa hiari ana vyote viwili. Lakini ukimlazimisha, huruma yake iko wapi? Na sisi tunaolazimisha tunakuwa watu gani?"

Kaka akainua kichwa. "Hata mimi hamkuniuliza," akasema kwa sauti dhaifu. "Nitembee na figo ya dada yangu aliyelazimishwa? Siitaki. Heri mashine."

Mama akamgeukia Chiriku. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nampoteza mmoja, nikawa tayari kumuumiza mwingine. Niliogopa."

"Najua, mama. Hata mimi niliogopa."

Ndipo wifi aliposimama. "Na mimi je?"

"Wewe vipi?" mjomba akauliza.

"Mbona mimi hakuna aliyeniuliza? Nilikuwa jikoni nasikia mnahesabu figo za nyumba nzima, zangu mmeziruka!"

"Lakini wewe si damu yake."

Mshauri akavaa miwani. "Si lazima mtoaji awe ndugu wa damu," akasema. "Mke anaweza kumfaa mume, mradi vipimo vikubali."

Lo! Mama na mjomba wakatazamana. Muda wote huo walikuwa wanahangaika, kumbe mtu mwingine wa kuulizwa alikuwa anawapikia.

Wifi naye hakupokewa hivihivi. Mshauri alifunga mlango wakabaki wawili tu, akamweleza hatari zote. Alimwambia anaweza kubadili nia hata akiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Akampa muda wa kufikiri.

"Naogopa," wifi alisema aliporudi. "Na ninataka."

Kaka naye aliulizwa. Alilia, akakubali. Vipimo vikakubali pia, na upasuaji ukaenda salama. Chiriku ndiye aliyewauguza wote wawili. Aliwapigia porojo mpaka wakamwomba awapumzishe, maana kucheka kulivuta mshono.

Kaka alipopata nafuu ya kutosha, daktari alimruhusu kurudi gereji. Dawa zake alizinywa kila siku bila kukosa. Siku ya kwanza kazini, watu wakajaa kumpongeza. Wifi alisimama kando yake, mzima, anang'aa. Katikati ya vifijo, mteja mmoja akamnyooshea Chiriku kidole.

"Si huyu aliyemnyima kaka yake figo?"

Chiriku, mwenye maneno yote yale, akakosa hata moja.

Mama akajipenyeza mpaka mbele. "Ndiye!" akasema, gereji nzima ikasikia. "Aliulizwa, akasema hapana. Huyu mwingine aliulizwa, akasema ndiyo. Wote ni wanangu, na wote nawaonea fahari. Nani ana neno?"